Barua Isiyo na Stempu



Kwa wale msioijua, Kingstanding iko kaskazini mwa Birmingham, ukishapita Perry Barr. Wenyeji husema jina lake linatokana na Mfalme Charles wa Kwanza, ambaye mwaka 1642 alisimama juu ya kilima kidogo hapa akikagua majeshi yake. Usitegemee kuona kasri. Utaona nyumba za matofali za halmashauri, zilizojengwa kwa maelfu kabla ya Vita vya Pili, utaona jengo la sinema ya Odeon lililofunguliwa mwaka 1935, na utatuona sisi wageni tuliokuja mmoja mmoja kutoka Tanga, Mombasa, Bujumbura na Uvira.

Ni mama mmoja wa Uvira aliyenifanya niandike makala hii. Ni jirani yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, na alikuwa amechoka kuambiwa kila ofisi aendako kwamba bila barua pepe hahudumiwi. Akaja kwangu jioni moja. Nikafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, nikaanza kumwandikisha katika huduma moja ya bure. Akauliza, "Ni bei gani?" Nikamjibu, "Bure, Mama." Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana sokoni. Akasema, "Papa, kitu cha bure hakuna. Huyu mwenye kutupatia, yeye analipwaka na nani?"

Nikamwambia, analipwa na matangazo. Akacheka. "Matangazo gani? Mimi nitatangaza nini?"

Ndugu zangu, nina shahada ya uhandisi wa umeme niliyoisomea nchi hii, na nina karibu miaka thelathini kazini katika nyaya na mitambo. Swali lile lilinishinda. Nilikuwa na maneno ya kitaalamu lakini sikuwa na jibu. Tangu jioni ile nimekuwa nikilitafuta, na nimeona kwamba halianzii kwenye kompyuta hata kidogo. Linaanzia kwenye stempu.

Turudi nyuma kabla ya mwaka 1840. Uingereza ya siku hizo ilikuwa na posta, lakini mara nyingi aliyelipa hakuwa mwandishi wa barua, alikuwa ni yule aliyeandikiwa. Tarishi anabisha hodi, anakutajia bei, na bei hiyo imepangwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Huna fedha, barua inarudi ilikotoka. Maskini wakabuni ujanja wao. Kijana aliyekwenda kufanya kazi mbali huchora alama ndogo nje ya barua; mama yake huitazama alama, akajua mwanawe ni mzima, kisha akaikataa barua bila kutoa hata peni. Wasomaji mliowahi kubipu mtaufahamu ujanja huo bila kuelezwa zaidi.

Aliyelikata fundo hilo ni mtu wa pande zetu hizi. Rowland Hill alizaliwa Kidderminster mwaka 1795, akakulia Birmingham, ambako baba yake alikuwa na shule. Mwaka 1819 shule hiyo ilihamia Hazelwood, kule Edgbaston, na Hill mwenyewe alikuwa mwalimu wake. Mwaka 1837 alitoa kijitabu juu ya kuitengeneza upya posta. Alipiga hesabu kama afanyavyo fundi, akaona kwamba gharama ya kuibeba barua moja kutoka London hadi Edinburgh ni sehemu ndogo sana ya peni. Fedha zilikuwa zikiliwa na makarani wa kukadiria bei na matarishi wa kudai mlangoni. Dawa yake ilikuwa nyepesi: bei moja kwa nchi nzima, peni moja kwa barua ya nusu aunsi, na mwandishi alipe mwanzoni kwa kubandika kijikaratasi chenye gundi. Stempu hizo zilianza kutumika Mei 1840. Barua zilizokuwa milioni 76 hivi mwaka 1839 zikafika milioni 169 hivi mwaka 1840.

Kwa kawaida hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya urahisi wa bei. Mimi naisoma kwa jicho jingine. Siku mtu alipobandika stempu yake mwenyewe, posta ikawa imeajiriwa naye. Alikuwa mteja mwenye risiti, hata kama ni mfua nguo, na mteja ana haki ya kuuliza kazi yake imefanywaje.

Haikupita miaka mitano, haki hiyo ikajaribiwa. Giuseppe Mazzini alikuwa Mwitaliano mkimbizi aliyeishi London, akiwaandikia wenzake waliotaka Italia iwe nchi moja. Mwaka 1844 alishuku kwamba barua zake zinafunguliwa njiani. Akawaomba rafiki zake watie ndani ya bahasha mbegu ndogo, chembe za mchanga au unywele. Barua zilipofika, mbegu na mchanga havikuwamo. Mwezi Juni mbunge Thomas Duncombe akalifikisha jambo hilo bungeni, na ikabainika kwamba Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, alikuwa ametoa hati ya kufungua barua hizo. Mwezi uliofuata ndugu wawili wa ukoo wa Bandiera, waliokuwa wakiandikiana na Mazzini, walipigwa risasi kusini mwa Italia baada ya uasi wao kushindwa, na watu wengi wakaamini kwamba habari zilizovuja London ndizo zilizowaponza.

Waingereza walikasirika kwelikweli. Watu waliandika jina la Graham kwa kejeli juu ya bahasha zao, magazeti yakamchora katika vibonzo, na ile idara ya siri ya posta iliyofungua barua za wageni ikafungwa. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Aliyefunguliwa barua alikuwa mgeni, mkimbizi, mtu wa ughaibuni kama sisi. Lakini kila Mwingereza aliyebandika stempu aliona kwamba mlango uliovunjwa ni wake pia.

Sasa tuvuke bahari twende kwetu, maana huko historia ya barua ina sura nyingine.

Pwani yetu ilijua barua karne nyingi kabla ya stempu. Barua ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikabebwa na nahodha wa jahazi au kiongozi wa msafara, na mara nyingi zikasomwa kwa sauti na mwenye elimu kwa niaba ya asiyejua kusoma. Siri ilitegemea uaminifu wa mchukuzi. Posta ya Kihindi ilikuwa ikifanya kazi Unguja katika miaka ya 1870, na mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ukafika hapo ukitokea Aden na kuendelea kusini. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner, aliyefundisha Kiswahili Berlin, alichapisha kitabu cha maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zikiwemo barua. Kilikuwa kitabu cha kiada katika chuo kilichowaandaa Wajerumani waliokuja kwetu. Barua ya mtu wa pwani, ya salamu na biashara, ikawa somo la kumfundisha mtawala wake mpya.

Wakati wa Vita vya Pili jambo hilo lilifanywa kwa wingi zaidi. Vijana wa King's African Rifles walipelekwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nao waliandika nyumbani na kuandikiwa. Barua zao zilisomwa na wakaguzi wa jeshi. Siri za vita zilitafutwa, ndiyo, lakini wakaguzi hawakuishia hapo. Walichota maneno kutoka barua nyingi wakayatengenezea muhtasari: askari wanalalamika nini juu ya mishahara, wana wasiwasi gani na wake zao walioachwa nyumbani, wanategemea kupewa nini vita vikiisha. Wakubwa wakausoma muhtasari huo ili wajue namna ya kuwashika.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka muishike. Graham alitaka siri ya mtu mmoja aitwaye Mazzini. Mkaguzi wa askari hakujali kuwa wewe ni nani. Alitaka kujua mtu wa aina yako anawaza nini, ili atendewe ipasavyo. Usomaji wa namna ya kwanza humtisha mtu. Huu wa pili mtu hausikii hata kidogo, kwa sababu hakuna mbegu zinazopungua ndani ya bahasha.

Baada ya uhuru tulibaki na sanduku la posta. Wasomaji wa umri wangu mnakumbuka herufi hizo tatu, S.L.P. Kwetu tarishi hakuja mlangoni. Mimi nilikulia Tanga, na anwani yetu ilikuwa ya ofisi aliyofanya kazi baba. Barua ya dada yangu ilipita mikononi mwa karani, ikapita kwa baba, na baba aliifungua kwanza kwa sababu ndivyo baba walivyofanya. Nilipokwenda shule ya bweni barua zilipita kwa mwalimu wa zamu, na nyingine zilitufikia zimekwisha chanwa. Sina kinyongo. Naeleza tu kwamba kijana wa Kitanzania wa miaka ya 1980 hakuwa na mahali popote duniani pa kuandikiwa neno lake peke yake.

Kwa hiyo msinielewe vibaya nitakapofika kwenye barua pepe za bure. Zilipokuja zilikuwa ukombozi.

Tarehe 4 Julai 1996 Sabeer Bhatia, kijana wa Kihindi aliyesomea Marekani, pamoja na mwenzake Jack Smith, walifungua Hotmail. Kabla yake barua pepe ilikuwa ya mwenye kazi au chuo, au ya mteja aliyelipia kampuni ya mtandao kila mwezi. Hotmail ilikuwa ya yeyote awezaye kukaa mbele ya kompyuta ya mtu mwingine kwa nusu saa. Mwishoni mwa mwaka 1997 Microsoft iliinunua kwa takriban dola milioni 400, na mwaka huohuo Yahoo nayo ikaanzisha yake. Kule kwetu zikafumuka kafe za intaneti, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, hadi miji midogo. Waya wa SEACOM ulikuwa bado. Ulizinduliwa Julai 2009. Kabla yake tulitegemea setilaiti, ukurasa mmoja unafunguka huku chai inapoa. Lakini binti aliyekuwa akipokea barua kupitia sanduku la baba yake sasa alikuwa na anwani yake na neno lake la siri. Hatari aliyoijua ilikuwa moja, kusahau kufunga ukurasa wake kabla ya kuinuka, aliyemfuata akakuta barua zake wazi.

Nani alilipia ukombozi huo? Hapo mwanzo lilikuwa jambo la wazi. Ulipojiandikisha Hotmail uliulizwa umri, jinsia, nchi na kazi yako, na juu ya ukurasa kulikuwa na matangazo. Chini ya kila barua uliyoandika kampuni ilijiongezea mstari wa kumwalika mpokeaji naye ajiunge. Yaani ukimwandikia shangazi yako pole ya msiba, chini ya pole kuna tangazo. Tuliliona, tukalizoea.

Badiliko kubwa lilikuja tarehe 1 Aprili 2004. Google ilitangaza Gmail, yenye nafasi ya gigabaiti moja, wakati Hotmail ilitoa megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4. Watu wengi walidhani ni mzaha wa siku hiyo. Haukuwa mzaha, na fedha zake zilitoka mahali papya. Programu ilisoma maneno ya barua, kisha ikaweka pembeni yake tangazo linalofanana nayo.

Niruhusuni nieleze mtambo huo, maana umesemewa mengi yasiyo sahihi. Mwenye duka hakuonyeshwa barua yako. Yeye alikwenda mnadani akanunua maneno, tuseme "tiketi ya ndege" au "kisukari". Programu ilipoyakuta maneno hayo katika barua iliyofunguliwa ilichagua tangazo lake ikalionyesha, na mwenye duka akalipa pale tu msomaji alipolibofya. Hakuna mtu aliyekaa na miwani kusoma habari zako. Google ilisema hivyo, na walikuwa wakisema kweli. Walisema pia kwamba kila posta ya kompyuta lazima ipitishe macho kwenye barua ili izuie virusi na barua taka. Hilo nalo ni kweli. Hata mimi ningeujenga mtambo huo hivyo.

Tofauti iko katika jambo moja. Programu inayozuia virusi inasoma kwa ajili yako. Programu inayochagua tangazo inasoma kwa ajili ya mwenye duka. Macho ni yaleyale, mwajiri ni mwingine.

Malalamiko yalianza wiki ileile. Tarehe 6 Aprili 2004 mashirika 31 ya kutetea faragha na haki za raia yaliiandikia Google kuiomba isimamishe huduma. Seneta Liz Figueroa wa California alipeleka muswada wa kuzuia usomaji huo, lakini haukufika kuwa sheria. Baadaye ikaja kesi. Septemba 2013 jaji Lucy Koh wa California alikataa ombi la Google la kuifuta, na miezi michache baadaye, Machi 2014, akakataa kuwaunganisha walalamikaji wote katika kesi moja.

Katika yote yaliyosemwa mahakamani mimi nilishika hoja moja. Aliyefungua sanduku la Gmail alibofya "nakubali". Lakini aliyemwandikia kutoka kwingine hakukubali lolote. Barua yake ilisomwa vilevile.

Hapo niliona uso wangu kwenye kioo. Mwaka 2006 mama yangu mzazi, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, alikuwa mgonjwa wa sukari. Mpwa wangu alikwenda kafe akaniandikia hali yake kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha hospitali: kidonda mguuni, vipimo, maneno ya daktari kuhusu kukatwa. Niliifungua kazini, wakati wa chakula cha mchana, katika huduma moja ya bure. Pembeni mwa maneno yale kulikuwa na tangazo la vifaa vya kupimia sukari.

Hakuna aliyenikosea. Kampuni ilifanya niliyokuwa nimeyakubali. Lakini mama hakukubali. Mguu ulikuwa wake, na aliyetia sahihi ni mimi, miaka kadhaa kabla, bila kusoma, kwa sababu nilikuwa na haraka. Katika desturi zetu habari ya ugonjwa wa mzazi ina watu wake wa kuambiwa. Utaanza na kaka mkubwa, utafuata shangazi, na wengine wataambiwa homa tu. Mimi nilikuwa nimemweka mwenye duka katika foleni hiyo bila kumwuliza mtu.

Tarehe 23 Juni 2017 Google ilitangaza kwamba itaacha kutumia maneno ya barua kuchagulia matangazo. Wakati huo Gmail ilikuwa na watumiaji zaidi ya bilioni 1.2. Matangazo yenyewe hayakuondoka. Yalihamia kwenye mambo mengine unayoyafanya ukiwa ndani ya akaunti. Na isidhaniwe kwamba Google walikuwa peke yao. Yahoo waliibiwa mwaka 2013 taarifa za akaunti zote walizokuwa nazo, bilioni 3, na ukubwa huo haukujulikana hadi 2017. Mwaka 2014 Microsoft, ambao walikuwa wamefanya kampeni ya kumcheka Google kwa kusoma barua za watu, walikiri kwamba mwaka 2012 waliingia katika sanduku la Hotmail la mwandishi mmoja wa mtandaoni ili wamjue aliyevujisha siri zao. Baada ya kelele waliahidi kwamba siku za mbele mambo kama hayo watayapeleka polisi. Katika muongo mmoja tulimpata mkaguzi wa askari na Sir James Graham pia.

Sisi wa Birmingham hatuwezi kusema kwamba hatujui kukasirika. Mwaka 2010 iligundulika kwamba polisi walikuwa wameweka kamera zaidi ya mia mbili, nyingine zikiwa zimefichwa, katika mitaa ya Sparkbrook na Washwood Heath wanakoishi Waislamu wengi, na kwamba fedha zake zilitoka mfuko wa kupambana na ugaidi. Watu walifanya mikutano, wakapiga kelele, kamera zikafunikwa mifuko, na mwaka 2011 zikang'olewa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukufanya hivyo kwa barua zetu. Nadhani ni kwa sababu kamera ile hakuna aliyetuletea kama zawadi. Mtu aliyekukirimu huoni vizuri kumwuliza maswali. Mkono upokeao uko chini daima.

Sheria nazo zimekuja, na ni vizuri tuzijue. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16 iliyomo tangu haki za binadamu zilipoingizwa mwaka 1984, inahifadhi mawasiliano binafsi ya mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 inafanya hivyo katika ibara ya 31. Kenya na Uganda zilipata sheria zao za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo ina Tume yake. Huku Ulaya kanuni kubwa ilianza tarehe 25 Mei 2018, na Uingereza, ingawa ilitoka katika Umoja, imebaki na kanuni za namna hiyo. Sheria hizi zinakupa haki ya kuuliza unashikiliwa nini, na kudai kisahihishwe au kifutwe. Lakini mteja mwenye stempu alidai kilicho chake. Sisi tunadai kama wageni nyumbani kwa mtu.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Handsworth, si mbali na hapa nilipo, ndiko alikoishi James Watt, yule wa injini za mvuke. Mwaka 1780 alipata hataza ya mashine ya kunakili barua: unaandika kwa wino maalumu, unaweka juu yake karatasi nyembamba yenye unyevu, unabana, nakala inabaki kwako. Watt aliiunda kwa sababu alichoka kunakili kwa mkono barua za biashara. Kanuni yake inanipendeza kama fundi, kwamba nakala inakaa kwa mwandishi.

Nakala zangu mimi zilikaa wapi? Miaka ile huduma nyingi za bure zilifuta sanduku lisilofunguliwa kwa muda mfupi, pengine siku thelathini tu. Mwaka 2007 nilipelekwa kazi ya mbali ambako hapakuwa na mtandao wa kuaminika. Niliporudi nilikuta sanduku tupu. Barua zote za mpwa wangu kuhusu ugonjwa wa mama zilikuwa zimekwenda, na mama mwenyewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Niliwaandikia wenye huduma. Nikajibiwa na mashine kwamba ndivyo masharti yasemavyo. Ningedai nini? Sikuwahi kuwalipa hata peni. Wakati huohuo barua za baba yangu za miaka ya 1990, zenye stempu za twiga na karafuu, ziko hapa ndani ya kopo la biskuti, na hakuna aliyeniomba nizifungue kila mwezi ili zisichomwe.

Basi nilirudi kwa jirani yangu wa Uvira na jibu langu. Nilimwambia hivi: "Mama, analipwa na wenye maduka wanaotaka kukujua. Wewe hutangazi kitu. Wewe ndiye unayepelekwa sokoni." Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba kwao, posta ilipokufa, barua zilikwenda na msafiri. Ukimpa msafiri barua ulimpa pia kitu kidogo cha njiani, hata ndizi au nauli ya mtumbwi, na si kwa sababu aliomba. Ulimpa ili ajue anamchukulia nani mzigo.

Tulikubaliana mambo matatu, nami nawaachia nanyi. Sanduku la bure litabaki kwa ofisi, maduka na mambo ya halmashauri. Habari za ugonjwa, za mirathi na za watoto zitapita kwa sanduku la kulipia, ambalo gharama yake kwa mwezi haizidi ya vikombe viwili vya kahawa mjini, au zitasemwa kwa mdomo. Na kila barua yenye thamani itanakiliwa, ihifadhiwe kwenye diski yako mwenyewe au ichapwe kwenye karatasi, kabla ya mwaka kwisha.

Wiki iliyofuata mama yule alibisha hodi. Alikuwa na pauni tatu mkononi, sarafu tatu zimefungwa kwenye kitambaa, za mwezi wa kwanza wa sanduku lake. Nikamwambia, "Acha, Mama, hii nitakulipia." Akakataa.

"Hapana, papa," akasema. "Nikilipa mimi, ni yangu."

Wasalaam.